Betri ya Umeme Nyumbani: Punguzo la Serikali Linaingia Mfuko wa Nani?



Miezi hii sisi walimu wa kujitolea tumeulizwa swali moja na watu wengi: kwenye foleni ya maji, kwenye mkutano wa wazazi, hata darasani. Swali lenyewe ni hili: "Mwalimu, ndugu yangu aliyehamishiwa Australia anasema kule serikali inawalipia watu betri za umeme za nyumbani. Ni kweli? Na sisi huku tunaweza kupata?" Wengine wanataja Marekani, wengine Afrika Kusini. Na wapo wanaosema wameshapigiwa simu na mtu anayetaka watume pesa kidogo "ya kuandikisha jina" ili betri ya serikali ije.

Jibu fupi ni kwamba ndiyo, serikali nyingi zinasaidia watu kununua betri. Lakini karibu hakuna serikali inayompa mtu pesa mkononi. Msaada unapita kwa muuzaji, au kwenye kodi, au kwenye mkopo. Kwa hiyo asiyejua unapitia wapi anaweza kukosa kilicho chake, na tena anaweza kulipia kitu ambacho hakipo. Ndiyo maana mwezi huu tumeona tulieleze jambo hili polepole, hatua kwa hatua.

BETRI YA NYUMBANI NI KITU GANI?

Umeme tunaupima kwa uniti. Uniti moja ni umeme unaotosha kuwasha taa ya wati 10 kwa saa 100. Wanafunzi wa darasa la sita wanaweza kuhakikisha: 10 mara 100 ni 1,000, na wati 1,000 kwa saa moja ndiyo uniti moja.

Sasa tuhesabu matumizi ya familia moja hapa kambini. Taa tatu ndogo za wati 5, zikiwaka saa nne jioni, zinakula wati-saa 60. Ukichaji simu mbili unaongeza kama 30. Jumla ni 90, yaani hata sehemu moja ya kumi ya uniti haifiki. Betri moja ya nyumbani kule Australia mara nyingi ni ya uniti 10 au zaidi. Ikijaa, ingeweza kuwashia zaidi ya familia 100 za hapa kwetu kwa usiku mmoja! Inakaa ukutani, ukubwa wake kama kabati dogo, na kazi yake ni kushika umeme wa mchana ili utumike usiku.

Kwa hiyo tusishangae kusikia bei za maelfu ya dola. Hiyo ni betri ya nyumba yenye friji, jiko la umeme, mashine ya kufulia na kipoza hewa.

KWA NINI SERIKALI ITOE PESA?

Hapa wengi wanadhani ni huruma. Huruma inaweza kuwepo, lakini sababu kubwa ni hesabu.

Jua linawaka sana saa sita mchana. Saa hiyo watu wako kazini, umeme wa sola ni mwingi, wa kuutumia ni wachache. Jioni watu wanarudi, kila mtu anawasha kitu, na jua limeshazama. Serikali inalazimika kujenga mitambo na nyaya kubwa kwa ajili ya zile saa chache za jioni tu. Betri zikiwa nyingi majumbani, umeme wa mchana unahamishiwa jioni, na serikali inaepuka sehemu ya gharama hiyo. Ni sawa na mkulima mwenye ghala: mahindi ya mavuno anayala wakati wa njaa, naye hakimbilii sokoni siku bei imepanda.

Jimbo la South Australia lilijifunza mambo haya kwa shida. Tarehe 28 Septemba 2016 dhoruba kali iliangusha nguzo kubwa za umeme, na jimbo zima likaingia gizani. Mwaka uliofuata, 2017, ilijengwa huko betri kubwa ya Hornsdale yenye nguvu ya megawati 100, ambayo wakati ule ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote za aina yake duniani. Mwaka 2018 serikali ya jimbo hilo ikageukia majumbani: ikatenga dola milioni 100 za Australia ili nyumba 40,000 zipate betri kwa bei nafuu. Familia zenye kadi ya kipato kidogo zilipewa punguzo kubwa zaidi, dola 600 kwa kila uniti ya betri, wakati wengine walipewa 500. Mpango huo ulifungwa mwaka 2022. Lakini tuushike moyoni, maana unaonyesha kwamba serikali ikitaka kumfikia maskini, inaweza kuandika hivyo kwenye sheria yake.

MILANGO MINNE YA MSAADA

Misaada hii ina majina mengi, lakini ukiichambua utakuta inapita kwenye milango minne.

Mlango wa kwanza ni punguzo dukani. Serikali inamlipa muuzaji au fundi, naye anakushushia bei. Wewe hujazi pesa yoyote ya serikali mfukoni, unaona tu bei imeshuka.

Mlango wa pili ni kodi ya mapato. Unanunua kwa bei kamili, halafu mwisho wa mwaka serikali inakupunguzia kodi unayodaiwa. Asiyedaiwa kodi, mlango huu kwake ni mwembamba.

Mlango wa tatu ni msamaha wa kodi ya bidhaa, yaani VAT au ushuru wa forodha. Hapa hakuna fomu ya kujaza. Bei inatakiwa iwe ndogo tangu mwanzo kwa kila mnunuzi. Ujerumani iliondoa VAT kwenye sola za nyumbani na betri zake tangu 1 Januari 2023. Uingereza iliondoa VAT kwenye betri zinazofungwa majumbani tangu 1 Februari 2024, na msamaha huo umepangwa kudumu hadi 31 Machi 2027.

Mlango wa nne ni mkopo nafuu, wenye riba ndogo au usio na riba kabisa. Mkopo ni msaada, lakini bado ni deni. Tusisahau.

Sasa tutazame nchi zile ambazo jamaa zetu wanazitaja.

AUSTRALIA: PUNGUZO LINAPITA KWA FUNDI

Tarehe 1 Julai 2025 serikali kuu ya Australia ilianzisha mpango wa kupunguza bei ya betri za majumbani. Punguzo lilikuwa kama 30% ya gharama. Wanaoruhusiwa ni wenye nyumba, wenye biashara ndogo, na majengo ya jamii. Betri inatakiwa iwe ya uniti 5 hadi 100, iende pamoja na sola iliyopo au mpya, iwe kwenye orodha iliyokubaliwa, na ifungwe na fundi mwenye kibali. Hapo ndipo fundi anachukua punguzo la serikali na kulitoa kwenye bili yako.

Tufanye hesabu ya mfano. Betri na ufungaji ni dola 12,000. Asilimia 30 ni dola 3,600. Familia inabaki kulipa dola 8,400. Kama betri inawaokolea dola 900 kila mwaka kwenye bili ya umeme, pesa yao itarudi baada ya miaka tisa na kidogo. Dhamana ya betri nyingi ni miaka 10. Mnaona? Hata kwa msaada wa serikali, faida inakuja polepole. Aliye na matumizi makubwa ya jioni atafaidi mapema, mwenye matumizi madogo atachelewa.

Watu waliitikia sana. Kabla ya mwisho wa 2025 zaidi ya betri 100,000 zilikuwa zimeshafungwa, na wengi walinunua betri kubwa kuliko serikali ilivyotarajia. Pesa iliyotengwa mwanzoni, dola bilioni 2.3, ikaonekana itaisha haraka. Desemba 2025 serikali ikatangaza kuongeza fungu, na pia kubadilisha kanuni kuanzia 1 Mei 2026: uniti 14 za kwanza za betri zinahesabiwa kamili, uniti za 14 hadi 28 zinahesabiwa kwa 60%, na za 28 hadi 50 kwa 15% tu. Kwa maneno mengine, anayenunua betri kubwa mno asitegemee serikali imlipie ukubwa huo. Tena punguzo lenyewe limepangwa kupungua kidogo kidogo hadi mwaka 2030.

Majimbo nayo yana mipango yao. Western Australia, kwa mfano, ilianza wa kwake siku ileile ya 1 Julai 2025, na ndani yake umo mkopo usio na riba kwa familia zenye mapato ya chini ya dola 210,000 kwa mwaka. Ila anayechukua msaada wa jimbo hilo lazima akubali betri yake iunganishwe na betri za wengine, ili kampuni iweze kuchota umeme humo saa za jioni zenye shida. Kwenye mpango wa serikali kuu, betri inatakiwa iwe na uwezo huo, lakini mtu halazimishwi kujiunga.

Sasa swali la jamaa zetu. Wengi wao waliofika kule wanapanga nyumba, na mpangaji hawezi kufunga betri ukutani bila ruhusa ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba naye anajiuliza: nitoe dola 8,000 ili mpangaji ndiye apate bili ndogo? Kwa hiyo mlango upo wazi, lakini ufunguo uko mfukoni mwa mtu mwingine. Ndugu yako akikwambia hajapata betri, usimdhanie amelala. Na kama kanisa, msikiti au jumuiya yenu kule ina jengo lake, huo ni mlango mwingine wa kuulizia, kwa sababu majengo ya jamii yameruhusiwa.

MAREKANI: MUDA ULIKWISHA

Hapa tunaomba msikilize vizuri, kwa sababu habari za zamani bado zinatembea kwenye simu.

Sheria ya Marekani ya Agosti 2022 iliruhusu mwenye nyumba, kuanzia 2023, kupunguziwa kodi ya mapato kwa 30% ya gharama ya betri, mradi iwe ya uniti 3 au zaidi. Watu wengi waliutumia mlango huo. Lakini sheria nyingine iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 iliufunga: gharama za baada ya 31 Desemba 2025 hazihesabiwi tena kwa mwenye nyumba anayenunua betri yake.

Hata wakati mlango ule ulipokuwa wazi, ulikuwa mlango wa kodi. Mfano: punguzo lako ni dola 3,600, lakini kodi unayodaiwa mwaka ule ni dola 1,000 tu. Ulipunguziwa 1,000, na zilizobaki zikasubiri miaka inayofuata. Hakuna hundi iliyokuja nyumbani. Familia iliyofika juzi, baba anafanya kazi ya kiwanda cha nyama na watoto ni watano, mara nyingi inadaiwa kodi kidogo sana. Punguzo lilikuwa kubwa kwenye karatasi, dogo kwenye maisha.

Kwa upande wa biashara, msaada wa kodi kwa betri uliendelea. Kampuni inayojenga mtambo wa betri bado inaweza kupunguziwa kodi ikitimiza masharti, likiwemo sharti la vifaa vilikotengenezwa. Na hapa pana mtego ambao jamaa zetu waujue. Kuna kampuni zinazopita mlango kwa mlango zikisema, "Tutakufungia sola na betri bila kulipa chochote leo, serikali inatoa 30%." Inawezekana anasema kweli kuhusu ile 30%. Lakini kwenye mkataba wa kukodi, mwenye betri ni kampuni, basi punguzo linaingia kwa kampuni. Familia inabaki na malipo ya kila mwezi, mara nyingi kwa miaka 20 hata 25, na katika mikataba mingi malipo hayo yanapanda kila mwaka. Ukiuza nyumba, mkataba unakufuata.

Hatusemi kila mkataba wa kukodi ni mbaya. Tunasema mtu asisaini kwenye kioo cha simu ya muuzaji mkataba wa lugha ambayo bado anajifunza. Aombe karatasi, aipeleke kwa mtu anayemwamini, alale nayo siku mbili. Mkataba mzuri hauozi kwa siku mbili.

AFRIKA KUSINI: PANELI NDIYO, BETRI HAPANA

Mwaka 2023 Afrika Kusini ilikuwa na mgao mkali wa umeme, na serikali ikafungua mlango wa kodi. Kuanzia 1 Machi 2023 hadi 29 Februari 2024, mlipa kodi aliyefunga paneli mpya za sola nyumbani alirudishiwa 25% ya bei ya paneli, isizidi randi 15,000. Wenye biashara walipewa zaidi: waliruhusiwa kukata 125% ya gharama ya mitambo ya kuzalisha umeme wa jua na upepo kwenye hesabu ya kodi yao, hadi 28 Februari 2025.

Lakini angalieni neno moja: paneli. Betri na inveta za nyumbani hazikuhesabiwa. Na ni betri ndiyo inayokuwashia taa umeme ukikatika usiku! Mtu aliyesikia "serikali inalipia sola" akakimbia kununua betri kubwa, hakupata kitu kwa betri ile. Neno moja kwenye sheria linaweza kuwa tofauti ya pesa ya mwaka mzima.

NA SISI HAPA UGANDA?

Sasa turudi nyumbani. Je, sisi tuliomo kambini tuna mlango wowote? Tunao, tena zaidi ya mmoja, ila hauna bango.

Kwanza tukumbuke ya kwamba Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na biashara. Kwa hiyo kinyozi wetu, mwenye saluni, mama anayechaji simu, mwenye friji ya soda, wote ni wafanyabiashara kama wengine, na bei za vifaa vya sola zinawahusu.

Mlango wa kwanza ni VAT. Hapa Uganda VAT ni 18%. Sheria ya VAT imesamehe paneli za sola, na imesamehe pia betri za sola, zile zilizotengenezwa kutoa umeme polepole kwa saa nyingi. Betri ya gari haimo humo. Tuhesabu: betri ya shilingi 500,000 ikitozwa 18% inafika 590,000. Msamaha ni shilingi 90,000, na hiyo ni karo na madaftari. Muuzaji akikuandikia VAT kwenye risiti ya betri ya sola, muulize kwa heshima, "Baba, kodi hii ni ya nini?" Na muuzaji asiyetaka kuandika risiti kabisa, huyo mwache.

Mlango wa pili ni mradi wa serikali wa kupanua umeme, unaojulikana kwa herufi EASP, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2022. Ndani yake imo sehemu ya sola kwa majumbani, biashara, shule na zahanati, na maeneo yanayopokea wakimbizi yametajwa humo. Pesa ya sola inapitia kampuni ya serikali inayoitwa UECCC. Utaratibu wake ni wa kulipa kwa matokeo: kampuni ya sola inauza kwanza, inahakikiwa kwamba kweli imefunga, ndipo inalipwa ruzuku. Rudini kwenye milango yetu minne: huu ni mlango wa kwanza, wa dukani. Pesa haiji kwako, inakwenda kwa kampuni, nawe unaiona kwenye bei tu.

Kutokana na hayo tunajifunza mambo mawili. Jambo la kwanza ni kwamba mtu akikupigia simu kusema "tuma shilingi 20,000 tukuandikishe upewe betri ya serikali", huyo ni mwizi. Ruzuku haifanyi kazi hivyo. Jambo la pili ni kwamba kampuni ikisema inauza kwa bei ya ruzuku, bei hiyo lazima ionekane. Linganisha na bei ya mjini kwa kifaa kilekile. Kama bei ni sawasawa, basi uliza punguzo limeishia wapi.

TAHADHARI YA KULIPA KIDOGO KIDOGO

Wengi wetu hatuna pesa taslimu, tunalipa kwa siku au kwa wiki kupitia simu. Ni njia nzuri, imewasha nyumba nyingi. Lakini tufanye hesabu kabla. Mfano: kifaa kwa pesa taslimu ni shilingi 400,000. Kwa kulipa kidogo kidogo, unatanguliza 50,000, halafu 1,500 kila siku kwa siku 400. Siku 400 mara 1,500 ni 600,000. Ongeza 50,000, jumla 650,000. Tofauti ni 250,000. Pengine inafaa, kwa sababu mtoto anasoma usiku tangu siku ya kwanza na unaacha kununua mishumaa. Pengine haifai, na kikundi chenu cha kuweka akiba kinaweza kukukopesha kwa nafuu. Hesabu ni yako, ila ifanye kwanza ndipo uweke dole gumba.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUNUNUA

Kata kipande hiki ukibandike ukutani, au umsomee ndugu yako aliye ng'ambo:

1. Msaada huu unapita mlango gani: dukani, kwenye kodi, kwenye VAT, au ni mkopo?

2. Bei bila msaada ni kiasi gani, na bei yangu ni kiasi gani? Ziandikwe zote mbili.

3. Nani atakuwa mwenye betri: mimi au kampuni?

4. Nikilipa kidogo kidogo, jumla yote hadi mwisho ni shilingi ngapi?

5. Dhamana ni miaka mingapi, na ikiharibika naipeleka wapi? Dukani hapa, au mpaka Kampala?

6. Nikihama, nikirudi kwetu au nikipelekwa nchi ya tatu, mkataba unakuwaje?

7. Msaada huu unaisha tarehe gani?

Swali la sita msiliruke. Maisha yetu yanaweza kubadilika kwa tangazo moja tu kwenye ubao. Mkataba unaodhani utakaa mahali pamoja miaka ishirini haukutengenezwa kwa ajili yetu.

BETRI IKIFA

Jambo la mwisho, na hili ni la wazazi hasa. Misaada yote tuliyoitaja inamsaidia mtu siku ya kununua. Siku betri inapokufa, unabaki nayo peke yako. Betri nyingi za bei nafuu, na betri zote za kawaida za gari, zina risasi na tindikali ndani. Risasi ni sumu, na inadhuru zaidi ubongo wa mtoto mdogo. Kule Owino Uhuru, Mombasa, watu wa mtaa walidhurika kwa sababu ya kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu karibu na nyumba zao, na mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Hiyo ni kesi ya kiwanda, lakini sumu ni ileile.

Kwa hiyo tusipasue betri uani, tusimwage maji yake kwenye shamba la mboga, watoto wasichezee vipande vyake. Betri nzima iliyokufa ina bei, wauzaji wa betri wanainunua. Iweke mbali na watoto, ifikishe kwao ikiwa haijafunguliwa.

NENO LETU

Ndugu wasomaji, tumeona kwamba serikali zinasaidia betri kwa sababu zinapata faida humo. Hakuna ubaya. Lakini msaada unamfikia haraka mwenye nyumba yake, mwenye kodi ya kupunguziwa, na mwenye pesa ya kutanguliza. Mpangaji, mgeni na maskini wanaachwa nje, mpaka aje mtu wa kuuliza, kama South Australia ilivyowakumbuka wenye kipato kidogo mwaka 2018. Basi kuuliza ni kazi yetu. Kwenye mikutano ya viongozi wa vijiji, kampuni za sola zikija kujitambulisha, tuulize kwa sauti bei mbili: bila ruzuku, na kwa ruzuku. Mtu mmoja akiuliza ataonekana msumbufu. Hamsini wakiuliza, bei itaandikwa ubaoni.

Wanafunzi wetu wa P.7 wanahitaji saa mbili za taa kila usiku kabla ya mtihani. Kwa hesabu tuliyofanya pamoja, hizo ni wati-saa 10 kwa taa moja. Ni kidogo sana. Kiasi hicho kinaweza kupatikana, ikiwa hatutaibiwa njiani.

Wenye maswali, au wenye mkataba wanaotaka usomwe na kuelezwa, waje shuleni Jumamosi asubuhi. Hakuna malipo. Njoo na karatasi yako, na kalamu kama unayo.

Ni sisi, walimu wenu wa kujitolea.